UZI: Taya likivunjika, ni urembo?

Uzi wa leo ni mrefu, kwa hivyo tafuta chai kwanza. Mada itaonekana ya ajabu kwa ukurasa wa siasa: upasuaji wa uso na taya. Nipe muda tu. Kanuni ni zile zile, hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama. Ukitaja kwenye majibu nafuta, hata kama ni yule ninayempigia kura.

Mbona mada hii? Kwa sababu kila msimu wa midahalo, swali la afya likifika, mazungumzo yanakwenda palepale: saratani, figo, mashine, majengo. Akitokea mtu wa kuuliza kuhusu waliovunjika uso kwa ajali, watoto waliozaliwa na mpasuko wa mdomo, au watu waliokatwa taya kwa sababu ya uvimbe, jibu huwa fupi. Hayo ya urembo tutayaangalia baadaye. Ukumbi unacheka kidogo, swali linalofuata linaitwa. Leo tunalifungua hilo jibu.

Nikiri mapema kwamba kwa mada hii mimi si refa. Binamu yangu, mtoto wa shangazi, ni mtu wa boda. Usiku mmoja aliteleza kwenye changarawe, akapiga kidevu kwa lami. Hospitali aliyopelekwa (siitaji) wakamshona kidevu vizuri tu, wakampa dawa za maumivu, wakamwambia aende nyumbani. Akawaambia, "Daktari, lakini meno yangu hayakutani." Akajibiwa huo ni uvimbe, utashuka. Uvimbe ulishuka. Meno hayakukutana.

Wiki kadhaa baadaye ndipo alimwona mtaalamu wa taya. Kumbe mfupa ulikuwa umevunjika mahali pawili: kando ya kidevu, na juu karibu na sikio ambako hakuna aliyetazama. Ulikuwa umeshaanza kuunga, ila umeunga kombo. Ili urudi sawa ilibidi uvunjwe tena chini ya nusukaputi. Makadirio ya gharama yalizidi bei ya pikipiki yake, na hiyo pikipiki yenyewe bado alikuwa anailipia mkopo.

Tukafungua kikundi cha kuchanga, kama familia zote. Mjomba mmoja akaandika mle ndani: "Kwani huyu kijana anataka kuwa mrembo?" Kwa hivyo tusiwasingizie wanasiasa peke yao. Lugha hii tunayo nyumbani, wao wanaiokota tu na kuirudisha jukwaani.

Sasa tuelewe hicho kiungo chenyewe. Taya la chini lina umbo la kiatu cha farasi, na ncha zake mbili zinaingia kwenye viungo vilivyo mbele ya masikio. Ukigonga kidevu, nguvu haibaki kidevuni, inasafiri hadi juu. Ndio maana mtu anaweza kuwa na kidonda kidogo cha nyuzi nne chini ya kidevu na huku mfupa umevunjika karibu na sikio. Ishara ya kwanza si damu. Ni ile aliyoitaja binamu: meno ya juu na ya chini hayakutani kama zamani. Eksrei nzuri inaonyesha. Hata kumwambia mgonjwa aume meno na kumtazama vizuri kunaanza kuonyesha.

Kwa mtoto ni mbaya zaidi. Kiungo kile kikiumia na kisitibiwe kinaweza kuganda, mfupa ukashikana na fuvu. Mdomo hauwezi kufunguka na taya linaacha kukua upande huo. Fikiria mtoto wa darasa la tatu anayelishwa uji kupitia pengo la jino kwa sababu mdomo haufunguki. Mtu aniambie urembo uko wapi hapo.

Matibabu yakija mapema hayana maajabu mengi. Zamani na hata sasa, daktari anafunga nyaya kwenye meno, kisha anafunga meno ya juu na ya chini pamoja kwa wiki kama 4 hadi 6. Unakunywa tu muda wote huo. Njia nyingine ni kufungua na kuweka vibamba vidogo vya titani na skrubu ili mgonjwa aweze kufungua mdomo mapema. Kufunga kwa nyaya ni bei nafuu kuliko vibamba. Ila mtu wa kibarua akifungwa mdomo wiki 6 anapungua uzito, anakosa nguvu na anakosa kazi. Hiyo gharama haiandikwi kwenye risiti ya hospitali.

Hapa niwarudishe nyuma kidogo, kwa sababu hili neno "urembo" lina historia ambayo wanasiasa wetu wangefaidika kuijua.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vya mahandaki. Mwili ulikuwa chini ya udongo, kichwa ndicho kilichochungulia. Maelfu ya askari wakarudi hai lakini bila taya, bila pua, bila nusu ya uso. Huko Uingereza daktari mmoja mzaliwa wa New Zealand, Harold Gillies, akasukuma hadi ikafunguliwa hospitali maalumu ya nyuso pale Sidcup mwaka 1917. Kwa miaka iliyofuata ilitibu zaidi ya watu 5,000 kwa upasuaji zaidi ya 11,000. Gawanya mwenyewe: mtu mmoja, mara mbili na zaidi. Uso haujengwi kwa siku moja. Hiyo hesabu tutairudia.

Kitu ninachotaka mkione kisiasa ni hiki. Serikali ile haikuwauliza wale askari kama wanataka kuwa warembo. Iliona ina deni. Imewatuma, wameumia, inalipa. Taaluma hii ilikua kama deni la dola kwa raia wake, na kliniki za matajiri wa kunyoosha pua zilistawi baadaye kwa mbinu zilezile.

(Tukiwa hapo, wale wabeba mizigo wa Afrika Mashariki waliochukuliwa kwa vita hivyohivyo, ambao jina lao limebaki Kariakor, hakuna Sidcup iliyojengwa kwa ajili yao. Deni la dola nalo lilikuwa na rangi.)

Vita vya Pili vikaleta marubani walioungua. Binamu ya Gillies, Archibald McIndoe, akawatibu pale East Grinstead. Jambo alilofanya nje ya chumba cha upasuaji ndilo linalonivutia: aliuomba mji mzima uwapokee wale vijana bila kuwakodolea macho. Wakatembea barabarani, wakaingia baa, wakaoa. Mji ukapata sifa ya kuwa mji usiokodoa macho. Tiba ya uso ilihusu pia jirani, mwajiri na mhudumu wa hoteli.

Na hapa ndipo historia inafika kwetu. Mwaka 1957, McIndoe pamoja na madaktari wenzake wawili, Michael Wood na Thomas Rees, walianzisha huduma ya madaktari wa kuruka kwa ndege kwenda vijijini, wazo walilolipanga chini ya Kilimanjaro. Hiyo ndiyo AMREF tunayoijua leo. Wote 3 walikuwa wapasuaji wa kurekebisha maumbile! Shirika ambalo Wakenya wengi wanalijua kwa ndege za dharura pale Wilson lilianzishwa na watu ambao kazi yao ilikuwa nyuso na ngozi. Kwa hivyo mtu akikwambia hii tiba ni anasa ya kigeni isiyotuhusu, mpe huo mwaka.

Tuje kwenye sheria, maana huko ndiko tunakosoma sisi wa sayansi ya siasa badala ya kupata kazi.

Kanuni ya Adhabu ya Kenya inaeleza maana ya kumdhuru mtu vibaya, na ndani ya maelezo hayo imetaja kuharibika kwa umbo kwa kudumu. Ukimharibu mtu uso kwa panga au chupa, adhabu ya juu kabisa ni kifungo cha maisha. Yaani mahakamani, uso ulioharibika ni jambo zito kiasi cha kumfungia mtu maisha. Halafu yule aliyeharibiwa akitoka mahakamani akaenda kutafuta wa kuutengeneza huo uso, anaambiwa ni urembo. Dola ileile. Hapo mimi nashindwa kuelewa, na nimejaribu.

Katiba nayo. Kifungu cha 43(1) kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa. Kifungu cha 43(2) kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Wagombea wanapenda sana hicho cha pili kwa sababu ni kifupi na kinaingia kwa bango.

Tatizo ni kwamba uso unaanguka katikati ya hivyo viwili. Damu ikitoka ni dharura, unashonwa. Damu ikikauka wewe si dharura tena. Ila mfupa bado umevunjika, na una muda mfupi kabla haujaunga vibaya. Huo muda ndio binamu yangu alipotelea. Mfumo ulimwona kama mtu mwenye kidonda, kidonda kikafungwa, faili ikafungwa.

Kuna kifungu kingine ambacho sijawahi kusikia kikitajwa kwenye mdahalo, 20(5). Kinasema serikali ikidai haina rasilimali za kutimiza haki za Kifungu cha 43, ni jukumu lake yenyewe kuonyesha kwamba rasilimali hizo hazipo. Soma tena polepole. Mzigo wa kuthibitisha uko kwake, mwananchi hadaiwi ushahidi. Kwa hivyo "hatuna pesa" haipaswi kuwa mwisho wa jibu. Inapaswa kufuatwa na karatasi.

Na bima? NHIF, iliyokuwapo tangu 1966, iliondoka, na SHA ikaanza kazi tarehe 1 Oktoba 2024 chini ya Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023. Mifuko ni 3: wa afya ya msingi, wa bima yenyewe, na wa dharura na magonjwa sugu na mazito. Mchango ni asilimia 2.75 ya mapato, na wa chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi.

Aliyeajiriwa anakatwa kila mwezi hata hasikii, au tuseme anasikia lakini hana la kufanya. Mtu wa boda, wa mboga, wa mjengo, anapimwa uwezo wake kisha anatakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa pamoja. Hata kwa kile kiwango cha chini ni 3,600 kwa mpigo. Baadaye wakaleta mpango wa mkopo ili mtu alipe polepole. Sasa tazama: yule anayeingia barabarani kila siku bila kinga ya uso ndiye ambaye bima yake ina uwezekano mkubwa wa kuwa haijalipwa siku anayoanguka. Ukitaka kupima mjadala wowote wa bima, anza na huyo. Mwenye mshahara atajisukuma.

Maneno ya boda yanastahili nafasi yake. Mwaka 2008 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo, bei ikashuka, vijana wakapata kazi, vijiji vikapata usafiri. Sera hiyo ilifanya kazi na sitaki kuidharau, imelipa karo za wengi, hata yangu kwa kiasi. Ila tulifungua mlango wa pikipiki bila kufungua mlango wa wodi. Sheria ya Trafiki inataka dereva na abiria wote wavae helmeti. Nenda kwa steji yoyote uhesabu helmeti za abiria. Nitasubiri.

Na hata zilizopo, nyingi ni za nusu, zinafunika kichwa na kuacha uso wazi. Hizo zinasaidia ubongo, na ni bora kuliko kutembea kichwa wazi. Taya hazilindi. Anayepiga kidevu kwa lami akiwa na helmeti ya nusu anafika hospitalini akili timamu na uso umevunjika. Helmeti ya uso mzima ndiyo inayolinda taya, ila ni ghali, ni joto, na abiria hataki kuvaa kitu kilichojaa jasho la abiria kumi waliomtangulia. Hayo ni malalamiko ya kweli na yanahitaji jibu la kweli: viwango, kodi ya helmeti, kitambaa cha ndani cha kubadilisha. Siyo polisi wa kukusanya chai kwenye kona.

Badala yake tunapata nini wakati wa kampeni? Reflekta. Reflekta mpya kabisa, na mgongoni imechapishwa uso wa mheshimiwa akitabasamu. Uso wake uko salama mgongoni mwa kijana ambaye wake hauna chochote mbele yake. Mimi nikiona hiyo picha huwa nasitisha kusoma habari kwa siku hiyo.

Twende kwenye kambi za matibabu, maana najua kuna watu wamekuja na makucha tayari.

Mpasuko wa mdomo na kaakaa hutokea kwa takriban mtoto 1 kati ya 700 wanaozaliwa duniani. (Tafadhali tuache lile jina la mnyama. Mtoto ana jina lake.) Mama si mlaaniwa, hajamcheka mtu akiwa mjamzito, hakuna mwiko aliovunja. Nyuso zetu zote zinaundwa kwa vipande vinavyokutana katikati wiki za mwanzo tumboni, na wakati mwingine vipande havifiki.

Mtoto mwenye kaakaa lililo wazi hawezi kunyonya vizuri, kwa sababu mdomo hauvuti. Kuna watoto wanaodhoofika kwa njaa mama akiwa na maziwa tele, kwa sababu tu hakuna aliyemwonyesha jinsi ya kumlisha. Hilo linahitaji muuguzi anayejua, ndani ya siku za kwanza, pale alipojifungulia. Halihitaji ndege wala kamera.

Mdomo unafungwa mtoto akiwa na miezi kama 3 hadi 6. Kaakaa linafuata, kwa kawaida kati ya miezi 9 na 18, kabla hajazoea kuongea kwa kupitisha hewa puani. Kisha mtaalamu wa usemi. Kisha masikio, maana hawa watoto huugua masikio mara kwa mara. Akifika miaka 8 au 10 hivi, huenda akahitaji kuwekewa mfupa kwenye ufizi ili meno ya utu uzima yapate pa kushika. Halafu kunyoosha meno. Pua na taya huenda vikasubiri hadi amalize kukua.

Sasa kamata kalenda ya uchaguzi. Mtoto aliyezaliwa leo na mpasuko kamili atapita uchaguzi mkuu mara 3, labda 4, kabla matibabu yake hayajaisha. Kambi ni ya siku chache. Mheshimiwa anakuja, picha inapigwa, mdomo umefungwa na kweli umependeza, watu wanalia kwa furaha. Simdharau mzazi anayeshukuru siku hiyo, mimi ningepiga magoti. Swali ni nani anayejua jina la huyo mtoto akiwa na miaka 5 na hasikiki anachosema darasani.

Kambi zenyewe nazo si za aina moja. Kuna mtindo wa timu ya wageni kuja, kufanya kazi na kuondoka; Operation Smile ilianza hivyo mwaka 1982 huko Ufilipino. Kuna mtindo wa kulipa na kufunza wapasuaji wa hapahapa wafanye kazi mwaka mzima katika hospitali zao; Smile Train, iliyoanza 1999, imejengwa juu ya wazo hilo. Kwa mwanafunzi wa siasa tofauti ni kubwa. Mtindo wa pili unaacha mtu nyuma. Ukitaka kujua kambi ya mheshimiwa ni ya aina gani, uliza tarehe ya kliniki ya marudio. Kama hakuna tarehe, hiyo ilikuwa mkutano wa hadhara wenye nyuzi.

Kuna eneo la tatu ambalo halina kamera kabisa: uvimbe wa taya.

Uvimbe mmoja unaitwa ameloblastoma. Unaanzia kwenye chembechembe za kutengeneza meno, ndani ya mfupa. Kwa kawaida si saratani, hauumi mwanzoni, unakua polepole, na unawapata watu wengi wakiwa vijana. Kwa sababu hauumi mtu anangoja. Anakwenda kwa mganga, anang'olewa jino moja, anang'olewa la pili. Akifika kwa mpasuaji, nusu ya taya imeliwa. Ukikwanguliwa tu juujuu una tabia ya kurudi, kwa hivyo kwa wengi lazima mfupa ukatwe hadi kwenye sehemu nzima.

Na sasa umemkata mtu taya. Unamwacha hivyo? Bila taya hatafuni, mate yanamtoka, haongei vizuri. Njia kubwa ya kumjengea taya jipya ni kuchukua ule mfupa mwembamba wa mguuni, kando ya ule mnene, pamoja na mishipa yake ya damu. Unakatwa vipande, unapindwa umbo la taya, kisha mishipa inashonwa kwenye mishipa ya shingo chini ya darubini. Ni kazi ya saa nyingi na ya timu mbili. Mguu hautakosa sana, ule mfupa haubebi uzito mkubwa. Kila nikisoma kuhusu hiyo operesheni nashangaa kwamba binadamu aliwaza hivyo.

Uvimbe mwingine unatufundisha kinyume chake. Denis Burkitt, mpasuaji aliyefanya kazi Mulago, Kampala, aliona watoto wenye mataya yaliyovimba vibaya, akaandika kuhusu ugonjwa huo mwaka 1958. Ndiyo saratani inayobeba jina lake, na inapatikana sana maeneo yenye malaria nyingi, kwetu kandokando ya Ziwa na Pwani. Tiba yake kubwa si kisu. Ni dawa, na ikiwahiwa watoto wengi wanapona. Kwa hivyo daktari wa meno wa kaunti anayejua kutofautisha uvimbe na uvimbe, na maabara inayorudisha majibu kwa siku na siyo miezi, wanaokoa uso na maisha kabla ya mpasuaji yeyote kuitwa.

Sasa ndio tufike kwa ugatuzi. Jedwali la Nne la Katiba limegawa kazi: hospitali za kitaifa za rufaa na sera ziko kwa serikali kuu, hospitali za kaunti na ambulansi ziko kwa kaunti. Kwenye mdahalo utasikia mgombea ugavana akisema mtaalamu wa taya ni kazi ya kitaifa, na mgombea wa kitaifa akisema ajali ya boda ni kazi ya kaunti. Wote wawili wamesoma Katiba nusunusu. Mgonjwa anaanzia kaunti na kumalizia rufaa, na kati yao kuna barabara ambayo hakuna anayesema ni yake.

Mpasuaji wa taya na uso anachukua muda kupatikana. Shahada ya meno pale Chuo Kikuu cha Nairobi ni miaka 5, kisha mwaka wa mafunzo kazini, kisha uzamili wa miaka mingine. Ndio maana ule ugomvi wa malipo ya wanagenzi uliokuwa ndani ya mgomo wa madaktari wa 2024, ule wa siku 56, haukuwa wa "watoto wakorofi" kama wengine walivyoandika hapa. Huo ndio mlango wa mwanzo wa mnyororo. Ukiufunga leo, ukosefu utauona baada ya mihula miwili, na wakati huo aliyeufunga atakuwa amestaafu.

Kuna pendekezo la tume moja ya kuajiri wahudumu wa afya, mfano wa ile ya walimu. Wanaolipinga wanasema linarudisha madaraka Nairobi, na wana hoja. Ugatuzi haukuja bure. Wanaolitetea wanasema kaunti ndogo haiwezi kumlipa mtaalamu atakayefanya upasuaji mkubwa mara chache kwa mwezi. Maoni yangu, na mnaweza kunirarua: kaunti jirani 4 au 5 zishirikiane mpasuaji mmoja na timu yake, zikubaliane kwa maandishi nani analipa nini. Si kila kitu lazima kiwe Nairobi au kiwe cha gavana.

Na mashine? Tulishafanya hilo jaribio. Mwaka 2015 serikali kuu ilianza kukodi vifaa kwa hospitali za kaunti, vikiwemo vya vyumba vya upasuaji. Kamati ya Seneti ilipochunguza, ilikuta vifaa vingine vimekaa bila kazi, penye upungufu wa watu au hata umeme. Mashine haijui meno hayakutani. Mtu ndiye anayejua, na akiambiwa na mgonjwa anasikiliza.

Nimpe haki yake yule anayesema bajeti haitoshi. Operesheni moja ya kujenga taya kwa mfupa wa mguu inaweza kula chumba cha upasuaji siku nzima, siku ambayo akina mama kadhaa wangezalishwa kwa upasuaji. Hilo ni chaguo gumu na la kweli. Mtu anayesimama na kusema "nachagua akina mama kwanza, na hii ndiyo hesabu yangu" nitamheshimu hata tukikosana. Anayekwepa hesabu hiyo kwa kuiita urembo hajachagua chochote.

Kwa walioniuliza: binamu alifanyiwa, kwa michango na kwa huruma ya mpasuaji aliyepunguza alichoweza. Meno yanakutana upande mmoja vizuri, upande mwingine karibu. Githeri anakula. Mahindi ya kuchoma bado anayatazama tu. Amerudi barabarani, na helmeti aliyonunua ni ya uso mzima. Anasema abiria wanamwita mwanaanga.

Mjomba alichanga pia, niseme ukweli. Alituma usiku bila kuandika neno.

Nikikosea tarehe au kifungu, nisahihishe hapo chini na uweke ushahidi. Uzi ujao ni kuhusu ule mfuko wa dharura: nani anaamua dharura imeisha saa ngapi.